Chakula Chenye Siku Yake: Wimbi Wetu wa Kipsunde na Zongzi ya Wachina

*Haya ni mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa wakazi waliokusanyika katika ukumbi wa wadi kuonja vyakula vya msimu wa mavuno. Tunayachapisha kwa ombi la wengi waliokuwepo, na kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.*

 

Nimepewa dakika chache kabla ya chakula kuletwa. Harufu ya kimyet imeshafika hapa mbele, na najua afisa anayezungumza wakati sufuria imeiva hana marafiki wengi. Nitajitahidi.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni Nairobi nikisomea uanahabari, msichana niliyekaa naye bwenini alikuwa akijifunza lugha ya Kichina. Siku moja ya mwezi Juni akanialika kwenye sherehe ya darasa lao. Tulikuta meza ndefu, chai isiyo na maziwa wala sukari, na sinia iliyojaa vifurushi vya kijani vyenye pembe, kila kimoja kimefungwa kwa uzi. Nilikuwa na njaa ya mwanafunzi. Nikachukua kimoja, nikakitia mdomoni pamoja na jani lake, nikauma.

Walicheka, lakini si kwa ubaya. Mwalimu wao, mama wa makamo kutoka China, akanichukulia kile kifurushi, akafungua uzi, akabandua majani moja baada ya jingine. Ndani mlikuwa na mchele ulioshikana ukawa kitu kimoja kama jiwe laini, na katikati yake tunda jekundu tamu mfano wa tende. Akanipa kijisahani cha sukari nichovye. Nilikula viwili. Cha tatu kilinishinda, maana chakula hicho ni kizito, hukaa tumboni kama mgeni asiyeaga.

Tulipokuwa tunakunywa chai, yule mama akaniuliza swali la kawaida kabisa: "Na kwenu, ni chakula gani ambacho kina siku yake?"

Nikamjibu, "Ugali."

Akauliza, "Ni wa siku gani?"

Nikasema, "Wa kila siku."

Wakacheka tena, na safari hii nilicheka nao. Lakini swali lile nilirudi nalo bwenini, na bado ninalo. Ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Kwanza niwaeleze kile nilichokula, kwa sababu kina historia inayofaa kusikiwa na watu wa nchi ya majani chai. Kinaitwa zongzi. Wachina hukila katika siku ya tano ya mwezi wa tano wa kalenda yao ya mwezi, ambayo kwetu huangukia mwishoni mwa Mei au katika mwezi wa Juni. Siku hiyo huitwa Duanwu, na wengi duniani huijua kama sikukuu ya mashua za joka, kwa sababu watu hushindana kupiga makasia katika mashua ndefu zenye kichwa cha joka. Mwaka wa 2009, UNESCO iliiweka sikukuu hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Simulizi inayojulikana zaidi ni ya Qu Yuan, mshairi na mshauri wa mfalme katika dola ya Chu zaidi ya miaka 2200 iliyopita. Alisema ukweli ambao wakubwa hawakutaka kuusikia, akafukuzwa. Nchi yake iliposhindwa vitani alijitupa katika mto Miluo. Inasimuliwa kwamba wanakijiji walitoka mbio na mashua zao kumtafuta, na walipomkosa walitupa wali mtoni ili samaki washibe wauache mwili wake. Kwa hiyo mbio za mashua ni kumbukumbu ya kule kutafuta, na zongzi ni kumbukumbu ya kile chakula. Wapo wanahistoria wanaosema sikukuu yenyewe ni ya zamani kuliko Qu Yuan. Lakini mama anayefunga zongzi jikoni hasubiri wanahistoria wakubaliane. Anafunga, anachemsha, na watoto wanaokaa karibu naye wanauliza kwa nini, naye anawaambia.

Utengenezaji wake ni kazi ya mikono mingi. Mchele hulowekwa saa kadhaa au usiku kucha. Majani ya mwanzi au ya matete hulainishwa kwa maji ya moto. Jani hukunjwa kama kikombe chenye ncha, mchele hutiwa, kisha kitu cha katikati. Huko kaskazini mwa China hupendelea matunda matamu, na kusini hutia nyama ya nguruwe au kiini cha yai lililotiwa chumvi. Halafu hufungwa kwa uzi na kuchemshwa kwa saa nyingi. Akina mama msijaribu kwa pishori yetu ya Mwea, haitashika. Mchele wa zongzi ni aina nyingine, ambayo wanga wake karibu wote ni wa ile aina inayonata. Pishori tunaipenda kwa sababu kila punje hukaa peke yake. Ule wao wanaupenda kwa sababu punje hazitaki kuachana.

Kufunga chakula kwa majani si jambo geni katika Afrika Mashariki. Ndugu zetu Waganda hufunga kuku au nyama kwenye jani la mgomba wakaipika kwa mvuke, wakaiita luwombo, na mgeni akipikiwa hiyo anajua ameheshimiwa. Kwa hiyo si jani lililonishangaza siku ile. Kilichonishangaza ni kwamba chakula kile kilikuwa na siku, siku ilikuwa na hadithi, na kila mtu mezani aliijua isipokuwa mimi.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani Belgut, nikamwuliza nyanya yangu, kogo. Nilimkuta anapepeta maharagwe. Nikamweleza habari ya majani na mchele, na nikamwuliza lile swali: sisi tuna chakula gani chenye siku yake?

Aliendelea kupepeta, kisha akasema, "Wewe unasomea habari, na hii ndiyo mara ya kwanza unaniuliza habari."

Halafu akaniambia. Alisema zamani, wimbi wa kwanza wa shamba haukuliwa hivi hivi. Alisema mama yake aliwachukua yeye na dada zake hadi shambani, na kwamba siku hiyo hawakuruhusiwa kuimba wala kucheka. Alisema kulikuwa na uji mzito wa wimbi mpya na maziwa, na baba wa nyumba akisimama akielekea macheo. Alitaja na maneno yaliyosemwa. Aliyasema kwa Kipsigis cha zamani, na mengine sikuyaelewa.

Katika mkoba wangu kulikuwa na kinasa sauti cha chuo. Kazi yangu ya likizo ilikuwa kurekodi mahojiano na viongozi wa eneo. Nilirekodi viongozi watatu. Kogo sikumrekodi. Niliona ni kogo tu, yupo, nitamrudia. Baada ya miaka miwili alifariki, na yale maneno alikwenda nayo.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa tayari nimeajiriwa na kaunti, nilikutana na maelezo ya jambo lile lile katika kitabu. Kiliandikwa na A. C. Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni, kuhusu ndugu zetu Wanandi, na kilichapishwa mwaka 1909. Nitawasimulia kwa maneno yangu, na wazee waliopo hapa wanisahihishe mahali ambapo kwetu ilikuwa tofauti.

Wimbi ulipoanza kuiva, mwanamke mwenye shamba alikwenda na binti zake, wakachuma masuke yaliyoiva. Kila mmoja alitia punje moja katika mkufu wake, akatafuna nyingine, akajipaka kwenye paji la uso, kooni na kifuani. Hawakuonyesha furaha. Walikata kapu moja la nafaka mpya kwa huzuni, wakalipeleka nyumbani na kulianika darini juu ya moto. Dari ilikuwa ya fito zilizosukwa, kwa hiyo punje zilipenya na kuangukia motoni, zikalipuka kwa mlio. Hakuna aliyezizuia. Waliamini mlio ule ni ishara kwamba wafu wa nyumba ile wanapata sehemu yao.

Siku chache baadaye, nafaka mpya ilipikwa na kuliwa jioni pamoja na maziwa. Kila mmoja alichukua kidogo akapaka ukutani na kwenye paa, na kidogo akatema kuelekea mashariki. Mkuu wa nyumba alishika nafaka mkononi akaomba afya, nguvu na maziwa, na wote wakarudia maneno yake.

Sherehe za mavuno ndizo zilizoipa miezi jina. Katika kalenda yetu ya Kikalenjin tuna mwezi wa Kipsunde, na unaofuata ni Kipsunde wa pili, takriban Septemba na Oktoba. Wengi wetu tunalisikia jina hilo bila kukumbuka kwamba ndani yake kuna shamba la wimbi.

Sasa tazameni jambo hili. Mchina alitupa wali mtoni kwa ajili ya aliyezama. Mnandi aliacha punje zianguke motoni kwa ajili ya waliotangulia. Hawakujuana, na maelfu ya kilomita yalikuwa kati yao. Lakini wote wawili waliona kwamba chakula hakiwezi kuwa cha aliye hai peke yake. Kwa hiyo jibu la swali la yule mama lilikuwepo. Sikuwa nalo mimi tu.

Naomba nieleweke hapa. Wengi wetu ni watu wa kanisa, nami pia. Simwambii mtu arudie ibada ambayo dhamiri yake haikubali. Lakini kujua si kuabudu. Wachina wengi wanaokula zongzi leo hawatupi kitu mtoni. Wanakula, wanasimulia, na wanapelekeana vifurushi majirani kwa majirani. Nasi tunaweza kumshukuru Mungu kwa wimbi wa kwanza kwa namna tunayoikubali, na bado tukawaambia watoto babu zetu walifanyaje.

Kwa nini wimbi uliondoka mezani? Si kwa sababu watu wetu walikuwa wavivu au walidharau asili. Kulikuwa na sababu, na ni vizuri tuzijue.

Ya kwanza ni ardhi. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaanza kuipanda hapa Kericho. Ardhi nzuri yenye mvua ilikwenda kwa majani chai, na jinsi ilivyokwenda ni historia yenye uchungu ambayo wazee hapa wanaijua kuliko mimi. Baada ya uhuru, mkulima mdogo naye akapata chai yake, na KTDA ikaanzishwa mwaka 1964. Chai imesomesha watoto wengi waliomo ukumbini humu, nikiwa mmoja wao. Lakini kichaka cha chai kikishika shamba hakitoki, na mama anayechuma majani tangu alfajiri hana nafasi ya kufukuza ndege kwenye wimbi.

Ya pili ni kazi yenyewe. Wimbi hupaliliwa kwa mkono, na magugu yake mengine yanafanana nao mpaka mtoto wa mjini hawezi kuyatofautisha. Huvunwa suke kwa suke kwa kisu. Hupigwa, hupepetwa, na zamani ulisagwa kwa jiwe huku mama amepiga magoti. Mahindi yalikuja na gunzi kubwa, na mashine ya posho ikamwondolea mama lile jiwe. Nani angemlaumu? Mimi simlaumu. Kogo mwenyewe aliniambia magoti yake hayalikumbuki jiwe lile kwa mapenzi.

Lakini kuegemea nafaka moja kuna gharama. Watu wa Bomet wanakumbuka mwaka 2011. Mahindi yalianza kukauka majani kuanzia pembeni, magunzi yakatoka mabovu au yasitoke kabisa. Ugonjwa ule, unaotokana na virusi viwili vinapokutana katika mmea mmoja, uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya hapo Bomet, kisha ukaenea katika kaunti nyingine na nchi jirani. Kuna nyumba zilizopoteza shamba zima. Nyumba ambayo ilikuwa na viazi, maharagwe, ndizi na nafaka nyingine ghalani iliumia, lakini ililala imekula.

Sisemi wimbi ni dawa ya ugonjwa huo. Wimbi ni wa jamii ya nyasi kama mahindi, na anayetaka kuupanda mahali palipougua azungumze kwanza na afisa wa kilimo wa wadi yake kuhusu kubadilisha mazao. Aulizie pia mbegu zilizoboreshwa kama P-224 na U-15, ambazo wakulima wa Kenya wamekwisha kuzipanda. Ninachosema ni kwamba robo ekari ya wimbi si kurudi nyuma. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka ndogo kama hizi. Tena wimbi ni wetu. Wataalamu wa mimea wanakubaliana kwamba ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia maelfu ya miaka iliyopita, na kutoka Afrika ukavuka hadi India. Gramu 100 za wimbi zina takriban miligramu 340 za kalsiamu, madini ya mifupa na meno. Mahindi hayafikii hata sehemu ya kumi ya hapo. Ndiyo maana mama aliyejifungua hupewa uji wa wimbi. Wazee walikuwa hawana maabara, lakini walikuwa na macho.

Sasa nije kwenye chakula chenyewe, maana naona macho yamehamia mlangoni.

Kimyet mtakayokula leo imepikwa kwa unga wa wimbi mtupu. Kwa wale ambao hawajawahi kuipika: maji yachemke vizuri, unga utiwe kidogo kidogo, na mwiko usipumzike. Wimbi hunata kuliko mahindi, mkono utauma. Moto upunguzwe, ifunikwe iive hadi ndani. Rangi yake ya kahawia iliyoiva si kosa la mpishi. Pembeni kuna sagaa, ambayo sisi tunaiita isagek, iliyochemshwa na kulazwa katika maziwa ili uchungu upungue. Na kuna mursik.

Mursik haihitaji utambulisho. Mnawaona wanariadha wetu wakipokelewa nayo wanapotua uwanja wa ndege. Mnajua kazi yake: sotet husafishwa kwa sosiot, ukuta wa ndani husuguliwa kwa kaa la senetwet, maziwa huchemshwa na kupozwa kabisa, hutiwa, hufunikwa na kuachwa siku kadhaa. Mwezi wa Desemba vijana wanaporudi nyumbani kutoka tumdo, hakuna familia inayotaka mgeni akute sotet ni tupu. Hicho nacho ni chakula chenye siku yake. Laiti ningelikumbuka siku ile Nairobi.

Lakini mimi ni afisa wa habari, na habari si tamu zote. Kuna jambo ambalo ningekuwa mnafiki nisipolisema mbele ya chakula hiki.

Saratani ya umio, ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, imeshika eneo letu kuliko sehemu nyingi za dunia. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imeiona kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa saratani zinazowapata wagonjwa wake wengi zaidi, na baadhi yao wakiwa bado vijana. Kila mtu humu ana jina la mtu anayemfikiria ninaposema hivi. Mimi nalo.

Watafiti bado wanatafuta sababu, na hawajasema ni kitu kimoja. Lakini kuna mambo yanayojulikana. Mwaka 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba kunywa vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi joto 65, huenda kunasababisha saratani hiyo. Tumbaku na pombe huongeza hatari. Na wanasayansi waliopima mursik walikuta katika sampuli nyingi kemikali iitwayo asetaldehaidi, ambayo ni ile ile inayotokea mwilini mtu anapokunywa pombe na inayohusishwa na saratani.

Je, tutupe sotet? Sikuja kuwaambia hivyo, na hakuna daktari aliyenituma niwaambie hivyo. Nimekuja kuwaambia tule kwa macho yaliyo wazi. Mursik ya sherehe ni jambo moja. Mursik ya asubuhi, mchana na jioni, pamoja na chai inayochemka, sigara na pombe, ni jambo jingine. Kwa hiyo naomba mambo matatu, mtaniwia radhi. Chai ikimiminwa, iache ipoe kwanza. Kijana asisifiwe kwa kumeza ya moto, huo si ushujaa. Maziwa yachemshwe na chombo kiwe safi kabla ya kugandisha. Na mtu akianza kuona chakula kinakwama kooni, hata kama ni ugali tu, asingoje mpaka maji yenyewe yakwame. Aende kituo cha afya mapema, na aombe aelekezwe hospitali yenye kipimo. Ugonjwa huu huwa na nafuu zaidi unapokamatwa mapema, na wengi wetu tunafika tukiwa tumechelewa.

Natamani sherehe zetu ziendelee miaka 100 mingine, na ili ziendelee lazima tuwepo wa kuzisherehekea.

Nimalizie kwa ombi langu kama mwandishi.

Maneno aliyonipa kogo siku ile sitayapata tena. Nilichonacho ni mambo matatu niliyoyashika: binti wasiocheka, uji mzito na maziwa, na baba anayetazama macheo. Mengine ya nyanya yangu nimelazimika kuyatafuta kwa Kiingereza, katika kitabu cha afisa wa kikoloni, tena kuhusu jirani zetu. Kitabu kile ninakishukuru. Lakini haikupasa iwe hivyo. Mgeni wa mwaka 1909 aliuliza, na mjukuu mwenye kinasa sauti mkobani hakuuliza.

Vijana, leo kila mmoja wenu ana kinasa sauti mfukoni. Simu ile ile ya kutumia M-Pesa inarekodi sauti. Msimu huu mkienda nyumbani, kaeni na kogo au na babu dakika ishirini. Msimwulize maswali makubwa kama ya mtihani. Mwulizeni: wimbi wa kwanza mliula vipi? Nani alianza? Mlisema nini? Kwa nini hamkucheka? Halafu nyamazeni asimulie. Akikosea, mwacheni akosee, mwenzake atamsahihisha. Akizungumza Kipsigis msichokielewa, rekodini hivyo hivyo, atakuwepo wa kukifafanua. Sauti ikishapotea ndiyo haina mfafanuzi.

Jarida hili la kaunti litatoa nafasi kwa simulizi hizo katika kila toleo. Leteni rekodi katika ofisi ya msimamizi wa wadi yenu, nasi tutaziandika kwa Kiswahili na kwa Kipsigis pia, na jina la msimulizi halitatolewa bila ruhusa yake.

Yule mama wa Kichina sikumwona tena baada ya mwaka ule. Ningemwona leo ningemwomba radhi kwa jibu langu la ugali wa kila siku. Ningemwambia tuna mwezi mzima wenye jina la mavuno, na mwingine unaoufuata. Ningemkaribisha hapa, nimpe kimyet ya wimbi mpya, nimwonyeshe jinsi ya kuimega na kuibonyeza kwa kidole gumba ili ibebe mursik. Na kama angeiuma vibaya, ningecheka kidogo, bila ubaya, kisha nimfundishe.

Wazee, tafadhali mtuombee tupate kula. Akina mama jikoni, asanteni kwa mikono yenu. Naahidi nimemaliza.